Tusi Lako Lilichaguliwa Zamani

Wadogo zangu, wahenga walisema akutukanaye hakuchagulii tusi. Kwa wanaume pengine ni kweli. Mwanamume akitukanwa hutukanwa kwa lolote lililo karibu: kichwa chake, kwao alikotoka, timu yake ya mpira. Sisi letu huchaguliwa. Tena lilichaguliwa kabla hatujazaliwa, likawekwa akiba, likingoja siku utakayoachika, utakayoota mvi, utakayochelewa kurudi nyumbani, au utakayokataa tu kumpa mtu namba ya simu.

Nayasema haya kwa sababu ya mdogo wetu mmoja aliyeniandikia. Ana miaka thelathini na kitu, ana duka lake, amepanga vyumba viwili, hana mume. Wapangaji wenzake wanamwita msimbe. Hata si kwa ugomvi, ni kwa mazoea: "Kamuulize yule msimbe kama maji yametoka." Anataka kujua neno hili ni tusi au ni jina tu, na akilisikia ajibu nini.

Nikaona siwezi kumjibu kwa neno hilo peke yake, maana msimbe ana ndugu zake: suria, hawara, malaya, kahaba, kirukanjia, mtalaka, tasa, ajuza. Ukiwasikiliza juu juu utadhani wote wanasimulia tabia. Wachimbe kidogo. Karibu kila mmoja anauliza swali moja la zamani sana: huyu mwanamke ni wa nani? Ile kauli tunayoichekea kwenye kanga na migongoni mwa daladala, mke wa mtu ni sumu, maana yake ni usimguse, ana mwenyewe. Haya. Na yule ambaye si mke wa mtu, tuseme yeye ni nini? Mengi ya maneno niliyoyataja ni majibu ya hapo.

Tuanzie mahali ambapo swali hilo liliulizwa bila aibu, na jibu lake likaandikwa na makarani: enzi za utumwa.

Mjakazi mnamjua. Wengi hudhani ni mja wa kazi, mtu aliyeletwa kufanya kazi. Sivyo. Hiyo -kazi ni ya Kibantu na maana yake ni ya kike; ndiyo ileile ya Waganda wanaposema omukazi wakimaanisha mwanamke, na ndiyo iliyojificha ndani ya mkazamwana, yaani mke wa mwanao. Mja ni mtumwa, mjakazi ni mtumwa wa kike, basi. Lakini masikio yetu yalisikia "kazi" yakaridhika, kwa sababu mjakazi wa kichwani mwetu siku zote anatwanga, anachota, anafagia. Hatukuona sababu ya kuuliza zaidi.

Suria ana hadithi ndefu zaidi. Neno ni la Kiarabu, na halikuwa tusi hata kidogo. Kilikuwa cheo cha kisheria: mjakazi ambaye bwana wake amemchukua chumbani. Cheo hicho kilikuwa na masharti yake. Akimzalia bwana mtoto, mtoto ni huru na anarithi sawa na watoto wa mke wa ndoa. Mama haruhusiwi kuuzwa tena. Bwana akifa, mama naye anakuwa huru. Sayyid Said bin Sultan, yule aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Omani, alipofariki mwaka 1856 hakuacha mtoto hata mmoja wa mke wa ndoa. Wote walikuwa wa masuria. Majid, Barghash, Khalifa na Ali, wanawe wanne waliokalia kiti cha Unguja mmoja baada ya mwingine, mama zao walikuwa masuria. Binti yake Salme, aliyezaliwa kasri la Mtoni mwaka 1844 na mama wa Kicherkesi, aliandika habari za nyumba ile katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, na humo utaona jinsi wanawake wale walivyoishi kwa vyeo, wivu, dhahabu na zamu. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema "mtoto wa suria" kwa kubetua midomo, mkumbushe kuwa anawabetulia midomo masultani.

Sasa angalieni sheria ilivyofanya. Aprili 1897 amri ya kukomesha utumwa ilitolewa Unguja. Watumwa waliruhusiwa kwenda kudai uhuru wao. Masuria wakaachwa nje. Hoja ilikuwa kwamba hao ni kama wake za watu, na nani ataingilia nyumba ya mtu? Suria hakuweza kudai uhuru mpaka aonyeshe kuwa ametendewa ukatili. Wakangoja hadi 1909. Miaka 12 mizima mchukuzi wa bandarini anaweza kwenda kwa hakimu, na mwanamke aliyelala kitanda kimoja na bwana hawezi.

Cheo kikafa. Neno likabaki mitaani bila kazi, likatafuta wa kumwangukia. Leo suria ni mwanamke anayekaa na mwanamume bila ndoa, jirani yake ni kimada, na wote wawili wanaitwa hawara mtu akikasirika. Ona lilivyopinduka: neno ambalo lilimpa yule mama wa zamani angalau uhakika wa mtoto wake, huyu wa leo linamvua hata salamu.

Na hapa nataka niweke kalamu ya hadithi chini niwaambie jambo la mkononi, hasa mlio Tanzania. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wanaowazunguka wakawajua kama mume na mke, sheria itawadhania kuwa wameoana. Dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani, na hata ikivunjwa, mahakama bado ina uwezo wa kutoa amri za matunzo yako na ya watoto na mambo mengine kama ilivyo kwa wanandoa. Wifi anaposimama mlangoni siku ya msiba akisema "wewe ni hawara tu, beba begi lako," ni vizuri uwe unajua kwamba mahakama haitumii kamusi ya wifi. Weka risiti za ujenzi. Weka picha za sherehe mlizoalikwa pamoja. Mjumbe wa nyumba kumi awajue nyote wawili kwa majina. Nimeona wengi wanalia kwa tusi na kusahau kiwanja.

Kuna waliolivua jina la utumwa. Mtoto mmoja wa Fumba, mfinyanzi aliyekuwa akiuza vyungu, alipewa na wazazi wake jina la Mtumwa. Akahamia mjini Unguja karibu na mwaka 1911, akajifunza kuimba, na mji ukampa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, sauti ikazagaa pwani nzima. Siti binti Saad ndiye huyo. Wanawake wengi wa kizazi chake waliotoka utumwani au kwa wazazi watumwa waliacha kaniki, ile nguo nyeusi ya kijakazi, wakajifunga kanga za rangi na baadaye buibui. Walijua sana kwamba watu husoma nguo kabla ya kusoma mtu.

Haya, tuje kwenye lile mnalolisubiri.

Malaya. Najua wengine mmeshikwa na haya, lakini hili ndilo neno linalorushwa kila siku, na historia yake Nairobi ni ya kushangaza. Mwanahistoria Luise White alikaa na wanawake wazee waliokuwa wakifanya biashara hiyo zama za mkoloni, wakamsimulia, na kitabu chake kikatoka mwaka 1990. Wanawake wale walikuwa na majina matatu, si moja. Watembezi walitafuta wateja njiani. Wazi-wazi walikaa mlangoni au kibarazani, wakatangaza bei bila kificho. Malaya alikuwa yule aliyekaa ndani ya chumba chake, mlango umerudishwa, akangoja kugongewa. Yeye aliuza zaidi ya kitanda. Aliuza chai, chakula, maji ya moto ya kuoga, shuka safi na mtu wa kuzungumza naye, kwa wanaume walioletwa mjini kufanya kazi kwa ujira wa mtu asiye na familia, wakaambiwa wake zao wabaki vijijini. Hakupiga kelele, na wapangaji wa chumba cha pili walipata shida kumtofautisha na mke. Miongoni mwa yale majina matatu, malaya ndilo waliloliona lenye staha.

Pesa ilikwenda wapi? Kwa wengi ilikwenda kwenye nyumba. Pumwani, mtaa wa Waafrika ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ulikuwa na wanawake wengi wenye nyumba, wanaojenga kwa udongo na mabati na kukusanya kodi kutoka kwa wanaume. Wengine walisilimu, wakapata jamaa mpya mjini, wakawaachia nyumba mabinti waliowachagua wenyewe badala ya kaka zao wa kijijini. Sisemi kazi ile ilikuwa raha. Ilikuwa na vipigo, magonjwa na askari. Nasema kilichowachoma watu hakikuwa chumba kile. Kilikuwa ile kodi. Mwanamke mwenye nyumba yake, asiye na baba wa kumpelekea mahari wala mume wa kumwomba ruhusa, utamweka fungu gani? Wakamwita malaya, na neno likaacha kuwa jina la kazi likawa jina la kila mwenye ufunguo wake.

Kahaba naye ni wa Kiarabu, na wanakamusi wa zamani wa lugha hiyo walimfungamanisha na kikohozi: walisema aliitwa hivyo kwa kuwa alikohoa kidogo kumpa mpita njia ishara. Fikirieni. Mwanamke akikohoa, kesi imekwisha. Kirukanjia hahitaji kamusi, ni mwanamke anayeruka njia aliyochorewa. Changudoa amekopwa soko la samaki la Feri, kwa changu mwenye doa ubavuni, samaki wa kuuzwa kwa fungu. Sioni haja ya kukaa hapo, ila muone jambo moja: kisarufi malaya hana jinsia, hata mwanamume anafaa. Lakini akiitwa mwanamume wenzake hucheka na kumwagizia soda. Akiitwa dada yako, mtu anaokota jiwe.

Sizidishi chumvi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana ya kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, vipodozi vya kuchubua ngozi na suruali za kubana, ianze tarehe 1 Januari 1969. Hata kabla ya tarehe hiyo, Dar es Salaam kulikuwa na makundi ya vijana wa kiume waliokuwa wakiwasimamisha wasichana vituoni na kuwachania nguo. Novemba 2014 wanawake wa Nairobi waliandamana kwa sababu mwenzao alivuliwa nguo na umati kwenye kituo cha matatu. Miaka inapita karibu nusu karne, mji mwingine, nchi nyingine, na kila mara neno ndilo linalotangulia. Mkono hufuata ukishapewa ruhusa.

Umri nao una mizani yake. Mzee wa kiume mwenye miaka mingi ni shaibu. Mzee wa kike ni ajuza. Yote mawili ni ya Kiarabu, na tunayasema pamoja kama pacha, lakini shaibu maana yake ni mwenye mvi, na ajuza ana asili moja na neno la Kiarabu la kushindwa, kutojiweza. Yeye amepewa jina kwa kilichoota kichwani, sisi kwa kilichotoweka mwilini. Nilipolijua hili nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka, maana huko Usukumani kutoweza huko kumegeuzwa kuwa uchawi. Bibi aliyepikia kuni na samadi kavu maisha yake yote macho yake huwa mekundu kwa moshi, na wekundu huo umewagharimu vikongwe wengi shingo zao, Mwanza na Shinyanga, hasa bibi akiwa mjane anayekalia shamba ambalo kuna kijana analitamani. Hapo tena, mwanamke asiye na mwenyewe, ila ana ekari.

Hata mikono ilipangiwa. Mkono wa kulia ni wa kuume. Wa kushoto, kwa Kiswahili cha zamani, ni wa kuke. Huo ambao hupokelei zawadi.

Tasa nitalisema kwa haraka kwa sababu linaniudhi. Kiswahili kinalo neno mgumba, linalomfaa mwanamke na mwanamume asiyezaa. Lingetosha. Lakini tuna tasa, ambalo ni la mwanamke na la mnyama jike, na mwanamume hana lake la kuuma hivyo kwa kutozaa. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba takriban mtu mmoja kati ya 6 duniani hupitia tatizo la kutoshika au kutotungisha mimba wakati fulani maishani, na madaktari wanajua vizuri kwamba mara nyingi sana chanzo kipo upande wa mume, au pande zote mbili. Kipimo cha mbegu za mwanamume ni rahisi na cha haraka kuliko vipimo vingi utakavyofanyiwa wewe. Kwa hiyo, mdogo wangu wa Tabora uliyeandika kwamba umezungushwa kwa waganga watatu na mama mkwe: kabla ya mganga wa nne, mumeo aende maabara. Ukishindwa kumwambia, mtume shemeji mwenye akili, au daktari amwambie. Neno tasa huwezi kulirudisha mdomoni kwa mtu, lakini hupaswi kulipokea bila karatasi ya vipimo vya watu wawili.

Sasa watalaka na wasimbe, maana hapo ndipo penye moyo wangu.

Sikilizeni vitenzi vyetu. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Mwanamume anaacha, mwanamke anaachika. Anayetoa talaka ni mtaliki, na hebu niambie ni lini ulisikia mtu akisemwa mtaani "yule mtaliki". Aliyepewa talaka ni mtalaka, na huyo kila mtu anamjua hata rangi ya mlango wake. Mwanamke akizaa bila ndoa tunasema amezalishwa, kana kwamba hakuwepo. Mke akifiwa ni mjane, mume akifiwa ni mgane, na wengi wenu neno mgane mnalisoma leo kwa mara ya kwanza, kwa sababu mwanamume huyo hakai katika hali hiyo muda wa kutosha kuhitaji jina. Na msimbe, neno lililoshuka kutoka bara, ni mwanamke anayejikalia, awe aliachika au hakuolewa. Ndugu yake wa kiume ni kapera. Mtu akisema kapera unaona kijana anapika mayai na kupiga mluzi.

Lakini pwani haikuwa hivi siku zote. Talaka ilikuwa jambo la kawaida. Mwanamke wa Lamu au Mombasa aliweza kuolewa mara mbili, tatu, na ndoa ya kwanza ilikuwa ya baba yake, za baadaye zilikuwa zake. Hata mahakamani, mwanaanthropolojia Susan Hirsch aliyekaa kwenye mahakama za kadhi za pwani ya Kenya na kuandika kitabu mwaka 1998 aliona kwamba waliokuwa wakifungua kesi walikuwa zaidi wanawake, na mara nyingi waliondoka na walichokitaka. Mume hutamka, mke huvumilia, ndivyo tunavyosimulia. Faili zinasimulia vingine.

Na kuna hili ambalo vitabu vya shule huliruka. Mwaka 1955 mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, alifika Dar es Salaam kuonana na TANU, akauliza wanawake wenu wako wapi. Wakamtafuta Bibi Titi Mohamed. Titi, aliyezaliwa mwaka 1926, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma, aliyekwisha kuolewa na kuachika. Hakwenda kwa wake za makarani. Alikwenda kwa viongozi wenzake wa vikundi vya ngoma na lelemama, wanawake wenye desturi ya kuchanga, kushona sare, kukutana jioni bila kuomba kibali. Wakaingia kwa maelfu katika miezi michache tu. Mwanahistoria Susan Geiger aliwahoji baadaye, na picha inayotoka ni hii: wengi wa wale wa Dar walikuwa watu wazima, Waislamu, wauza vitumbua na wapika pombe, wengi wao wameachika au wamefiwa, na watoto wachache au hawana kabisa. Watalaka. Wagumba. Wasimbe. Mke wa mtu alikuwa na nani wa kumwachia chakula kikiungua akienda mkutanoni Mnazi Mmoja? Kadi za TANU zilinunuliwa kwa hela ya vitumbua, na leo tunapanda daladala barabara ya Bibi Titi Mohamed huku tukiambiana kwamba mwanamke asiye na mume hana mchango.

Kwa hiyo, mdogo wangu mwenye duka, jibu la swali lako. Msimbe ni jina lililogeuzwa tusi kwa namna linavyosemwa, na wapangaji wenzako pengine hawajawahi kufikiri. Usigombane. Mara ya kwanza sema jina lako, kwa utulivu, mbele ya watu: "Mimi naitwa fulani, ukiniita kwa jina nitaitika." Mara ya pili usiitike. Usijieleze kwa nini hujaolewa, usitaje mchumba wa kubuni, usijitetee kwa kusema "mimi si kama wale wengine." Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu ukiisema umekubali kwamba wapo wanaostahili neno, na umebaki unaomba tu usiwekwe nao. Mume wa mtu akilitumia kama mlango, yaani "msimbe mwenyewe huna mtu, utanikatalia nini," hapo si suala la majina tena; mwambie mwenye nyumba, na umwambie mkewe ukiwa na shahidi.

Likiandikwa kwenye simu, kwenye kundi la WhatsApp au mtandaoni, piga picha ya kioo yenye tarehe na namba kabla halijafutwa. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayogusa unyanyasaji wa mtandaoni, Kenya wana ya kwao ya mwaka 2018. Polisi wengine watakucheka. Nenda na ndugu au msaidizi wa kisheria, kicheko hupungua mkiwa wawili.

Na sisi kwa sisi? Hapa nisiwapake mafuta. Mombasa ya miaka ya kati ya karne iliyopita ilikuwa na vikundi vya lelemama, Ibinaal Watan na Banu Saada, vilivyoshindana kwa nyimbo za kuchambana mpaka mtu akakoma kutoka nje. Mipasho ya taarabu ni mjukuu wa ngoma hizo. Nusu ya maneno niliyoyaandika leo niliyasikia kwanza jikoni, kwa wanawake, si kijiweni. Sitawaambia muache kuchambana. Pwani bila kijembe si pwani, na mimi mwenyewe kanga zangu mmeziona. Lakini mchambe mwenzio kwa ubahili wake, kwa wali wake mbichi, kwa deni la kikoba analolikwepa. Hayo kayafanya mwenyewe. Kuachika, kutozaa na kuzeeka hakuyafanya.

Binti zenu wakiuliza maana ya neno walilolisikia shuleni, waelezeni wazi, pamoja na lilikotoka. Mtoto wa miaka tisa anaweza kabisa kuelewa kwamba zamani watu waliwamiliki watu.

Nafasi inaniishia, na kuna mwingine wa Kinondoni ameuliza kuhusu shangingi. Kamusi inasema ni mwanamke mhuni aliyekubuhu. Mtaani ni mwanamke mtu mzima, mwenye hela, anayejua anachokitaka. Halafu yakaja yale magari makubwa ya wakubwa serikalini, na watu wakatafuta neno la kitu cha gharama, chenye nguvu, kinachopita popote bila kuomba njia, wakaona hilohilo ndilo linalofaa. Gari lenyewe lina dereva, lina mafuta ya umma na linaoshwa kila asubuhi. Wewe ukiitwa hivyo, waulize mafuta yako yako wapi.